UZI: Meseji za WhatsApp, miamala ya simu na video za kamera mahakamani. Kinachokataliwa, na kwa nini

Masijala_3 (mleta uzi)

Wakuu, haipiti wiki bila mtu kuuliza hapa kama skrinishoti za WhatsApp "zinakubalika mahakamani". Sheria ilishazikubali zamani. Kinachoangusha ushahidi wa aina hii ni njia uliyopita kutoka kwenye simu hadi mezani kwa hakimu: nani aliutoa, kwa kifaa gani, ulikaa wapi, na ni shahidi gani atasimama kuyaeleza hayo. Uzi huu ni wa njia hiyo.

Nianze na Tanzania, watu wa Kenya watakuja na ya kwao. Kwenye Kesi ya Biashara Na. 4 ya 2000, Trust Bank Tanzania Ltd dhidi ya Le-Marsh Enterprises Ltd na wenzake, Jaji Nsekela alikubali kuwa kumbukumbu za benki zilizomo kwenye kompyuta zihesabike kama vitabu vya benki, wakati sheria bado ilikuwa inafikiria daftari la wino. Mwaka 2007 Bunge likaongeza kifungu cha 40A kwenye Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kwa mashauri ya jinai. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, na kifungu chake cha 18 ndicho mawakili wanachovutana nacho hadi leo. (Namba za vifungu huhama sheria zinapofanyiwa urekebu, kwa hiyo angalia toleo ulilonalo kabla ya kunukuu.)

Kifungu hicho kinamtaka hakimu apime kama namna ujumbe ulivyotengenezwa, kuhifadhiwa na kutumwa inaaminika, kama ulilindwa usiguswe, na mtumaji alitambuliwa vipi. Kisha kinafungua milango mitatu ya dhana kuwa ujumbe ni halisi. Wa kwanza, uwepo ushahidi kuwa mfumo ulikuwa unafanya kazi sawasawa wakati husika. Wa pili, kumbukumbu iwe ilitunzwa na mpinzani wako mwenyewe. Wa tatu, iwe ilitunzwa na mtu asiye na kesi, katika shughuli zake za kawaida, bila kuongozwa na wewe. Mlango wa tatu ndio rahisi kuliko yote na ndio unaosahaulika. Taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu inapita hapo. Skrinishoti yako haipiti, kwa sababu umeitengeneza wewe na kesi ni yako.

Sasa WhatsApp kwa vitendo. Kwanza zima meseji zinazojifuta, lakini jua kuwa zilizokwisha kutumwa wakati kipima muda kimewashwa (saa 24, siku 7 au siku 90) zitaondoka tu. Usibadilishe simu, usiifute programu ukaiweka upya. Skrinishoti ya kwanza iwe ya ukurasa wa taarifa za mwasiliani, wenye namba nzima inayoanza na +255. Watu hupiga picha ya gumzo lenye jina "Baba Salome Cement" juu, na jina hilo ni wewe uliyeliandika. Halithibitishi kitu. Kila picha inayofuata irudie meseji ya mwisho ya picha iliyotangulia, ili asitokee wa kusema katikati kuna kilichochomolewa. Kwa meseji ulizotuma wewe, bonyeza na kushikilia, fungua taarifa za ujumbe, upige picha ya saa iliyofika na saa iliyosomwa.

Mwisho hamisha gumzo zima. Linatoka kama faili la maandishi, na mwongozo wa WhatsApp unataja hadi meseji 40,000 bila picha au 10,000 pamoja na picha. Faili hilo linaweza kuhaririwa na yeyote mwenye Notepad, kwa hiyo peke yake ni jepesi. Kazi yake ni kuonyesha kuwa skrinishoti zako hazikuchaguliwa kwa hila. Simu yenyewe itunze. Upande wa pili ukipinga, jibu fupi kuliko yote ni "simu hii hapa".

---

Mkono_wa_Pwani

Ahsante mleta uzi. Naongezea ya Kenya.

Kwetu kuna vifungu viwili vya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, na watu husoma kimoja wakaacha cha pili. Kifungu 78A, kilichoingizwa na marekebisho ya sheria za usalama ya 2014, chasema ushahidi wa kidijitali hautakataliwa kwa sababu tu si nakala ya asili. Mtu akishasoma hapo hutembea hadi kortini mikono mitupu. Huko hukutana na 106B, na kifungu kidogo cha 4 chataka CHETI.

Cheti chenyewe ni ukurasa mmoja au miwili. Chataja kumbukumbu ni ipi na ilitolewa vipi, chaeleza kifaa kilichoitoa, na chasema kifaa kilikuwa kikitumika mara kwa mara kwa kazi hiyo na kilikuwa kizima. Hutiwa sahihi na mtu mwenye wadhifa juu ya kifaa hicho au shughuli husika. Makosa ninayoyaona kwenye majalada ni yale yale. Cheti chasema "simu ya mkononi" bila kutaja muundo, IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) wala laini. Simu ilipigwa picha na mtu mmoja, kompyuta na printa zikatumiwa na mwingine, na cheti chataja simu tu. Au cheti kimetiwa sahihi na wakili, ambaye hakugusa chochote.

Andika mlolongo mzima: simu ya aina hii, ikaunganishwa kwa waya na kompyuta ya aina hii, faili zikachapwa kwa printa hii, tarehe hii, na fulani. Kama mikono ni miwili, vyeti viwili.

Jambo la pili ni samansi. Tangu marekebisho ya Kanuni za Madai ya 2020, Amri ya 5 kanuni 22B yaruhusu samansi kupelekwa kwa baruapepe, na 22C kwa programu za ujumbe wa simu. Ni lazima iende kwa namba ya mwisho ijulikanayo NA inayotumika, na mpelekaji aweke hati ya kiapo yenye uthibitisho kuwa ujumbe umefika. Tiki moja ya kijivu si kufika, nazo mbili hata zikiwa za kijivu zimefika. Rangi ya buluu si lazima, maana wajanja huizima. Ukituma nje ya saa za kazi, huhesabiwa siku ya kazi inayofuata.

---

Shahidi_wa_Pili

Swali kwa wakuu. Namba iliyotuma meseji imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine kabisa, mfano shangazi yake kijijini. Hapo kesi imekwisha?

---

Masijala_3

Haijaisha, ila usajili umekuwa ushahidi dhaifu kwako. Laini Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole, na rekodi hiyo inasema nani aliweka kidole siku ya usajili. Nani alishika simu saa ile ni jambo jingine, na hilo ni kweli hata laini ikiwa kwa jina lake.

Mtumaji hutambuliwa kwa kilichomo ndani ya mazungumzo. Ujumbe wa sauti ambao shahidi anaitambua sauti yake. Meseji inayotaja jambo ambalo ni yeye na wewe tu mlilijua. Ahadi ya kuleta mzigo Alhamisi, na mzigo kweli ukaja Alhamisi. Pesa iliyotumwa kwa namba ile ile dakika chache baada ya yeye kuandika "2ma kwa no hii hii". Panga meseji sambamba na matukio yaliyotokea nje ya simu, kwenye jedwali la safu mbili, na kila tukio liwe na shahidi au karatasi yake.

Na hiyo "2ma" iache ilivyo! Kuna watu wanachapa meseji upya kwenye Word na kuisanifisha: "Tafadhali nitumie kwa namba hii." Hapo umetengeneza hati mpya. Maneno ya mtaani, vifupisho na emoji shahidi atayaeleza kwa mdomo maana yake, na kielelezo kibaki kama kilivyoandikwa, makosa na yote.

---

FundiDVR

Mimi niko upande wa kamera. Ugonjwa wa kwanza ni kuchelewa. Watu hudhani kamera "inatunza". Haitunzi, inaandika juu ya ilichoandika jana.

Fanya hesabu. Kamera moja inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde inatumia megabaiti 0.5 kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku, unapata gigabaiti 43.2. Kamera nne ni 172.8 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 imejaa kabla siku ya sita haijaisha. Ukishusha hadi megabiti 2 unapata kama siku kumi na moja na nusu. Duka lenye kamera nane na diski hiyo hiyo, kwa megabiti 4, halifiki hata siku tatu. Sasa mtu anaandika barua ya kuomba video baada ya mwezi mmoja. Kuna nini hapo? Barua iende siku ile ile, itaje kamera ipi, tarehe, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na iombe wazi kuwa sehemu hiyo ifungwe isifutwe. Uwe na nakala yenye saini ya aliyeipokea.

Ugonjwa wa pili ni saa ya mashine. Betri ndogo ya ndani ikifa, umeme ukikatika saa inarudi mwanzo, inakwenda hadi 2000 au hata 1970. Au iko sawa lakini imepitwa kwa dakika kumi na saba. USIIREKEBISHE kabla ya kutoa video. Fungua skrini ya mashine, shika simu yenye saa ya mtandao pembeni yake, piga picha moja inayoonyesha zote mbili. Tofauti hiyo iandike: "saa ya mashine iko nyuma kwa dakika 17 na sekunde 20". Shahidi akiulizwa kwa nini video inasema 21:12 wakati tukio lilikuwa 21:29, ana jibu lenye picha.

Kutoa video: toa kwa muundo wa asili wa mashine pamoja na programu yake ya kuchezea, kisha toa na MP4 ya kuonyesha. MP4 peke yake ina ubishi, kwa sababu mashine nyingi zikibadilisha muundo zinapunguza ubora au kuacha maandishi ya saa. Flashi nyingi zimeumbizwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo video ndefu itatoka vipande vipande. Vipande hivyo viorodheshe kwa majina na saa zake, usiviunganishe.

Na tafadhali acheni kurekodi skrini ya DVR (mashine ya kurekodia kamera) kwa simu halafu kuita hiyo video ya kamera. Hiyo ni video ya skrini, na shahidi wake ni aliyeshika simu.

---

Mkono_wa_Pwani

FundiDVR umenena. Niongeze la saa, kwani hapa Waswahili twajikwaa sote. Shahidi asema "saa mbili usiku". Karani aandika 2 a.m. Video yaonyesha 20:00. Wakili wa upande wa pili anasimama akitabasamu.

Kumbukumbu za seva nazo mara nyingi huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, na Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Basi saa tano na nusu usiku ya mtaani ni 23:30 kwenye simu na 20:30 kwenye seva. Weka hati ya kiapo yenye mfumo MMOJA wa saa, nawe useme ni upi mwanzoni kabisa.

Tarehe nazo zina mtego. Gumzo likihamishwa hufuata mpangilio wa simu. 3/4/2024 ni Aprili kwa simu moja na Machi kwa nyingine. Tafuta kwenye gumzo hilo hilo tarehe inayozidi 12, mfano 25/4, nayo itakuonyesha mpangilio ni upi. Itaje kwenye kiapo.

---

WakalaTena

Naona miamala imeguswa juu juu, na kesi nyingi za madeni ziko hapo.

Meseji ya muamala kwenye simu yako ni taarifa tu. Inaweza kuandikwa na mtu yeyote, na mawakala wanajua meseji feki zinavyofika zikiwa na jina la huduma juu. Kinachobeba uzito ni taarifa ya miamala kutoka kampuni yenyewe. Ya laini yako unaomba mwenyewe kwa kitambulisho chako. Ya laini ya mtu mwingine hupewi, hata ulie. Inatolewa kwa amri ya mahakama au kwa ombi la polisi wanaochunguza, na siku hizi kuna sheria za taarifa binafsi nyuma yake: Kenya ya 2019, Tanzania ya 2022. Kwa hiyo kwenye madai, muombe hakimu amri mapema, si siku ya kusikilizwa.

Ombi liwe na namba, tarehe na namba za miamala. Kwa M-Pesa ya Kenya ni herufi na tarakimu 10, na mtu anayenakili kwa mkono anachanganya O na sifuri, au I na moja. Nakili na kubandika, usichape.

Taarifa ya PDF ikija na nywila, usitoe nywila kwa kuichapa upya "kama PDF" halafu ukatupa ya asili. Tunza baruapepe iliyoileta na faili kama lilivyokuja, kisha chapa nakala ya kazi.

Halafu kuna hili ambalo muamala hausemi: kwa nini pesa ilikwenda. 500,000 imetoka kwako ikaingia kwake, hilo limethibitika. Mkopo? Zawadi? Malipo ya mahindi? Hiyo lazima itoke kwenye meseji au kwa shahidi. Watu hushinda nusu ya kwanza ya kesi wakadhani wamemaliza.

---

KalamuNyekundu

Mbona hakuna aliyetaja hashi, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili? Faili likishatolewa, likokotolee SHA-256. Windows fungua dirisha la amri, andika:

certutil -hashfile video1.mp4 SHA256

Linux ni sha256sum, Mac ni shasum -a 256. Unapata mfuatano wa alama 64. Uandike kwenye hati ya kiapo na kwenye fomu ya makabidhiano. Miaka miwili baadaye mtu akisema faili limeguswa, linakokotolewa tena pale pale. Baiti moja ikibadilika, mfuatano unakuwa mwingine kabisa. Kunakili kwenye flashi hakubadilishi, wala kulibadilisha jina. Kulifungua kwenye Word na kulihifadhi upya kunabadilisha.

---

WakalaTena

Mkuu, kwa kesi ya deni la laki nne, hashi ya nini? Hakimu hajaiomba na mdaiwa hajui ni mnyama gani.

---

KalamuNyekundu

Inachukua nusu dakika na ni bure. Kesi ya laki nne leo inaweza kuwa rufaa kesho, na hashi huwezi kuikokotoa kwa tarehe ya jana. Hilo ndilo jibu langu.

---

Masijala_3

Mnagombana bure. Hashi inathibitisha faili halijabadilika TANGU lilipokokotolewa. Haisemi kama lilikuwa kweli kabla ya hapo. Skrinishoti ya kughushi nayo ina hashi nzuri tu. Kwa deni dogo shahidi mwenye simu mkononi anatosha. Kwa video ya kamera, faili la mhasibu, au kitu kilichopita mikono mitatu, hashi iwepo.

Kwenye jinai ni zaidi ya hapo. Paulo Maduka na wenzake 4 dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, ndiyo inayonukuliwa kila mara kuhusu mnyororo wa utunzaji: karatasi inayoonyesha kwa mfuatano nani alikamata, nani alitunza, nani alikabidhiwa, nani alichunguza. Simu iliyokamatwa ikazimwa, ikafungiwa kwenye bahasha yenye lakiri na saini, ni kitu kimoja. Simu iliyokaa mezani kwa mpelelezi ikiwa imewashwa na inapokea meseji ni kitu kingine.

Na kosa la dakika za mwisho: kielelezo kimepokelewa, kimepewa alama yake, mfano P3, shauri linaendelea. Hakijasomwa! Robinson Mwanjisi na wenzake 3 dhidi ya Jamhuri [2003] TLR 218 (TLR ni vitabu vya ripoti za hukumu za Tanzania): hati inafafanuliwa kwanza ili ikubalike, inapokelewa, KISHA inasomwa mahakamani. Isiposomwa, kwenye rufaa inafutwa kwenye kumbukumbu kana kwamba haikuwahi kuwepo. Kwa meseji maana yake shahidi azisome kwa sauti. Kwa video maana yake ichezwe mbele ya wote. Njoo na kompyuta yako, programu ya kuchezea ikiwa imewekwa, waya wa projekta, spika, na waya mrefu wa umeme. Jaribu kabla hakimu hajaingia. Spika za kompyuta ndogo hazisikiki kwenye chumba chenye feni.

---

Shahidi_wa_Pili

Na kama ushahidi umo kwenye simu ya mke au mume, na nywila inajulikana?

---

Mkono_wa_Pwani

Hapo ndipo mtu huingia kortini mlalamishi akatoka mshukiwa. Kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria za makosa ya mtandao, ya Tanzania ya 2015 na ya Kenya ya 2018, na ndoa si hati ya upekuzi. Kwetu kuna pia Katiba: Ibara ya 31 yalinda faragha, na Ibara ya 50(4) yataka ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki uondolewe, ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji haki. Meseji zilizotumwa KWAKO ni zako kuzionyesha. Za mtu na mtu mwingine, omba korti iamuru zitolewe.

Tena usihangaike kuiandikia WhatsApp iwape maneno yaliyoandikwa. Ujumbe umefungwa kutoka simu hadi simu, na ukishafika hautunzwi kwenye seva zao. Uko kwenye simu mbili na kwenye nakala rudufu za wenye simu hizo, basi.

Na korti ikishaamuru kifaa kifunguliwe, kukaidi kuna gharama. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliiamuru IEBC, tume ya uchaguzi, ifungue seva zake zikaguliwe kwa kusoma tu. Tume haikutekeleza amri hiyo kikamilifu, na Mahakama ikalichukua hilo dhidi yake katika hukumu iliyofuta uchaguzi wa rais.

---

Masijala_3

Kuhusu kuwasilisha nyaraka kwa mtandao, nitagusa mawili yanayoua mashauri.

La kwanza ni muda. Kanuni za uwasilishaji wa kielektroniki za 2018, Tangazo la Serikali Na. 148, zilisema hati iliyotumwa kabla ya saa sita usiku imewasilishwa siku hiyo. Watu wakaitegemea, wakatuma saa 5:50 usiku, mfumo ukatoa kumbukumbu namba ya malipo, wakalipa kesho yake. Lakini kuna John Chuwa dhidi ya Anthony Ciza [1992] TLR 233, inayosema tarehe ya kuwasilisha ni tarehe ya kulipa ada. Majaji wakatofautiana. Usiwe wewe wa kulimaliza jambo hilo kwa gharama yako: tuma na ULIPE siku hiyo hiyo, na risiti iwe ndani ya muda. Siku ya mwisho si siku ya kutuma. Umeme, mtandao na benki vikigoma, utahitaji kuomba kuongezewa muda, na ombi hilo litataka skrinishoti ya kosa la mfumo yenye saa na tarehe.

La pili ni ukubwa wa faili. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Ukiskani kwa rangi bila kubana ni zaidi ya megabaiti 26 kwa ukurasa. Kwa nyeusi na nyeupe tupu ni megabaiti 1 kabla ya kubana, na ikibanwa inashuka hadi makumi ya kilobaiti. Hati ya maandishi skani nyeusi na nyeupe. Skrinishoti na picha acha rangi. Usipige karatasi picha kwa simu juu ya kitanda: vivuli vinapandisha ukubwa na mstari wa mwisho unapinda hadi hausomeki. Hati uliyoichapa mwenyewe ibadilishe moja kwa moja kuwa PDF, ili maneno yatafutike. Skani ukurasa wa saini tu.

---

KalamuNyekundu

La mwisho kwangu, kwa sababu kazi yangu ni kuhakiki maandiko ya sheria kabla ya kuchapwa. Mnanukuu kesi hapa, vizuri. Ila sasa kuna watu wanaiuliza programu ya akili mnemba "nipe kesi inayosema hivi" na kubandika jibu kwenye hoja zao. Huko New York mwaka 2023, kwenye Mata dhidi ya Avianca, mawakili walitozwa dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu sita ambazo hazikuwahi kuwepo. Programu ilizitunga, zikiwa na majina, namba na nukuu.

Kuhakiki ni kazi ya dakika tano. Hukumu za siku hizi zina nukuu isiyotegemea mchapishaji: mwaka kwenye mabano, herufi za mahakama, namba. TZCA ni Rufani Tanzania, TZHC ni Mahakama Kuu. Kenya ni KESC (Mahakama ya Juu), KECA (Rufani), KEHC (Mahakama Kuu). Fungua tovuti za hukumu, TanzLII au Kenya Law, tafuta kwa namba ya shauri, si kwa jina, maana majina huandikwa kwa tahajia tofauti. Ukiipata, shuka hadi aya unayoinukuu uone kama ni maneno ya jaji au ni jaji anaeleza hoja ya wakili aliyeshindwa. Hilo la pili hata binadamu hukosea kila siku. Kisha angalia kama ilikatiwa rufaa. Kesi za zamani za TLR ambazo haziko mtandaoni zinataka kitabu, na wakutubi wa mahakama wapo.

---

Shahidi_wa_Pili

Shukrani wakuu. Haya yote yanahusu na Mahakama ya Mwanzo?

---

Masijala_3

Si yote. Sheria ya Ushahidi haitumiki Mahakama ya Mwanzo. Kule kuna kanuni zake za ushahidi, Tangazo la Serikali Na. 22 la 1964, na mwendo ni mwepesi zaidi. Nenda na simu ikiwa na chaji, skrinishoti zilizochapwa nakala tatu (yako, ya mahakama, ya mdaiwa), taarifa ya miamala yenye muhuri, na shahidi mmoja aliyekuwepo. Soma meseji kwa sauti, onyesha namba. Nakala zipige mapema kabla ya kufika, foleni ya stesheneri iliyo jirani na mahakama asubuhi si ya mchezo.

---

Mkono_wa_Pwani

Kenya wenzao ni Korti ya Madai Madogo, chini ya Sheria ya 2016: hadi shilingi milioni moja, haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na shauri lapaswa kukamilika ndani ya siku 60. Cheti cha 106B kibebe hata huko. Ukurasa mmoja haukulemei mkoba.